Shajara ya mradi: presha ya gesi jiko la shule, Chamwino

Jumatatu, wito

Kazi mpya imetoka Chamwino, shule ya sekondari ya bweni, mwendo mfupi kutoka Dodoma mjini ukishika barabara ya Dar. Shule iliacha kuni baada ya serikali kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zihamie nishati safi. Wakafungiwa majiko manne makubwa ya gesi, kila moja la kilowati 10 hivi, mitungi miwili ya kilo 38 kwenye kibanda cha nje, regulata moja (kifaa cha kupunguza presha ya gesi ya mtungi) juu ya mitungi, na bomba la shaba la nusu inchi linalokwenda mita 25 mpaka jikoni. Bomba ni refu kwa sababu kibanda kimewekwa mbali na majengo, na hilo silipingi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa chini kutafuta shimo.

Shida yao wanaieleza hivi. Ukiwasha jiko moja, moto ni mzuri, wa bluu. Ukiongeza la pili bado unafaa. Ukiwasha yote manne moto unanywea, na ugali wa mchana unaliwa saa tisa. Fundi aliyeitwa kabla yangu alifungua kifuniko cha regulata akakaza springi mpaka skrubu ikagoma. Sasa jiko likiwa peke yake moto unavuma na kuruka juu ya kichwa cha jiko, na yakiwaka manne bado unanywea vilevile.

"Fundi, hiyo si koki tu?" makamu mkuu wa shule ananiuliza. "Ifungue zaidi."

Wengi wanaamini hivyo, hata mafundi wenzangu, kwa hiyo naandika kwa kirefu kwa ajili ya vijana wa karakana. Koki unaifungua, inakaa ulivyoiacha, haina habari na kinachoendelea mbele yake. Regulata inajifungua na kujifunga yenyewe mchana kutwa. Mfano wake wa karibu ni boya la simtanki: maji yakishuka boya linashuka na kufungua njia, yakipanda linapanda na kuifunga, na hakuna mtu anayeligusa. Kwenye regulata kazi hiyo inafanywa na kiwambo cha mpira. Chini ya kiwambo ipo gesi iliyokwisha kupunguzwa presha, ile inayokwenda jikoni. Juu yake ipo springi, na hewa ya kawaida. Springi inakisukuma kiwambo chini. Kikishuka, wenzo mdogo unafungua tundu la kuingizia gesi ya mtungi. Gesi ikijaa chini inakisukuma kiwambo juu, na wenzo unafunga tundu. Pale nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo presha inapokaa. Anayekaza springi hajapanua njia yoyote, amebadilisha tu kiwango ambacho regulata itakilinda.

Hesabu yake haina uchawi. Kiwambo cha regulata hii kina kipenyo cha sentimita 7, eneo lake ni sentimita za mraba 38 na nusu. Milibari 30, presha ya kawaida ya majiko haya, ikisukuma eneo hilo inatoa nyutoni 11 na nusu, yaani uzito wa kama kilo 1.2. Basi na springi inasukuma kwa hizo hizo kilo 1.2. Upande wa mtungi mambo ni mengine. Propani tupu, moja ya gesi za mitungini, kwenye nyuzi 30 ina presha inayokaribia bari 10 (bari moja ni milibari 1,000), zaidi ya mara 300 ya ile ya jikoni. Inawezekanaje kiwambo cha mpira kishindane na presha hiyo? Kwa sababu tundu la kuingilia ni la milimita 2.5 tu. Bari 10 kwenye tundu la ukubwa huo ni nyutoni 5, nusu kilo, na wenzo unaigawa tena mara nne kabla haijakifikia kiwambo. Kiwambo kipana na tundu jembamba: regulata nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Jumatano, kupima

Sina manometa, yaani kipima presha, ya dukani na siihitaji. Nimechukua ule mpira mweupe unaoonekana ndani, ambao waashi huujaza maji kupimia usawa wa msingi, nikaukunja kwa umbo la U juu ya ubao, nikachora sentimita kwa kalamu ya wino mzito, nikatia maji yenye rangi kidogo ya chakula. Milibari moja ni sentimita moja ya maji na ziada ndogo sana. Milibari 30 ni sentimita 30.6. Kinachosomwa ni tofauti ya usawa kati ya upande na upande. Kijana wangu alisoma upande uliopanda peke yake akapata nusu, akataka kutangaza kuwa regulata imekufa.

Kwanza nimelegeza springi, jiko moja likiwaka, mpaka maji yakasoma 30 pale pale penye regulata. Jikoni, mwisho wa bomba, yalisoma 29. Tukawasha yote manne. Penye regulata ikawa 27. Jikoni, 14.

Kushuka kutoka 30 hadi 27 ni tabia ya regulata yoyote ya springi. Gesi nyingi ikihitajika, tundu lazima lifunguke zaidi, kiwambo kishuke zaidi, springi irefuke. Na springi ikirefuka nguvu yake inapungua. Ndiyo maana kiwango nacho kinashuka kidogo. Milibari 3 sigombani nazo. Lakini kutoka 27 hadi 14 regulata haihusiki hata kidogo. Milibari 13 zimeliwa na bomba njiani.

Hapo ndipo kukaza springi kulikogeuka hatari bila faida. Hasara ya bomba haipandi sawasawa na gesi inayopita. Gesi ikiongezeka mara mbili, hasara inaongezeka karibu mara nne. Ikiongezeka mara nne, karibu mara 16. Kwa jiko moja bomba lilikula kama milibari moja, kwa manne likala 13. Ukipandisha kiwango ili majiko manne yashibe, jiko moja likibaki peke yake linapokea karibu kiwango chote ulichopandisha. Hakuna mahali pa kuiweka hiyo skrubu pakamfaa mpishi wa asubuhi mwenye chai tu na wa mchana mwenye ugali, maharage na mboga.

Tukazima yote. Regulata nzima, gesi ikisimama, hupanda kidogo juu ya kiwango chake, kwa sababu kile kipande cha mpira kinachoziba tundu kinahitaji kukandamizwa. Inafika 33 au 34 halafu inatulia. Hii ilifika 34, ikafika 38, maji yakaendelea kupanda taratibu mpaka 45, nikafunga mtungi. Ina maana tundu halizibi. Usiku kucha majiko yamezimwa, presha ya mtungi inatambaa kuingia kwenye bomba, kwenye mipira na kwenye koki za majiko ambazo hazikutengenezwa kwa presha hiyo. Mpishi aliniambia kuna asubuhi akiwasha moto "unamrukia". Sasa tunajua.

Regulata hiyo imetoka leo leo. Nimefunga mpya ya aina ileile ili watoto wale, nikaiacha kwenye 30. Shida ya bomba imebaki palepale, nao nimewaambia.

Alhamisi jioni, karakana

Nimeifungua regulata ya zamani mezani, na vijana wamezunguka.

Kwanza tundu la pumzi. Kila regulata ina kitundu upande wa springi, na watu hudhani ni kasoro ya kiwandani. Nimewahi kuona kimezibwa kwa gundi "ili isivuje". Kitundu hicho ndicho kinachoingiza hewa juu ya kiwambo na kuitoa. Kikizibwa, hewa iliyofungiwa ndani inakandamizwa kila kiwambo kinapopanda, kiwambo kinagoma, na presha ya jikoni inapanda kuliko ilivyopangwa. Cha hii kilikuwa kimejengewa na nyigu. Udongo mwekundu wa Chamwino, umekandwa vizuri, umekauka kabisa, na ndani yake buibui wawili ambao nyigu aliwawekea watoto wake akiba. Haukuwa umeziba kabisa, kwa hiyo kiwambo kilikuwa kinapumua kwa shida, na moto ukawa unapanda na kushuka kila jiko linapowashwa au kuzimwa.

Kitundu hicho kina maana nyingine. Presha ya regulata inahesabiwa kuanzia hewa iliyoko nje ya hicho kitundu. Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, hewa yetu ina milibari kama 890 wakati ya Dar es Salaam ni 1,013 hivi. Regulata haijali. Popote utakapoifunga itatoa 30 juu ya hewa ya mahali hapo, bila kuguswa.

Mmoja wa vijana akauliza kama kile kifaa cha wapiga mbizi ni kitu hichohicho. Swali zuri. Ni ndugu wa karibu. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walijaribu majini kifaa cha kupumulia kilichotokana na regulata ya Gagnan ya magari yaliyotembea kwa gesi, maana vita ilikuwa imefanya petroli iadimike. Walichohitaji ni upande mmoja wa kiwambo uguswe na maji badala ya hewa. Mpiga mbizi akishuka, maji yanasukuma zaidi, na kifaa kinampa hewa yenye presha ya kina alichopo. Nasi tundu letu la pumzi likitazama juu na mvua ikaingia, tunakuwa wapiga mbizi bila kupenda.

Tukatoa springi, sahani ya bati, na kiwambo. Kiwambo kilikuwa bado laini, hakina ufa ukikikunja mbele ya taa. Tarehe iliyogongwa kwenye mwili wa regulata bado changa. Watengenezaji wengi hushauri regulata ibadilishwe ikifika miaka 10 hata kama inaonekana nzima, kwa sababu mpira unakauka.

Mwisho tukafika kwenye kiti, yaani kile kipande cha mpira kinachoziba tundu. Nimewapa vijana lenzi waangalie wenyewe. Mdomo wa tundu umechimba duara kwenye mpira, na kwenye duara hilo imejikita chembe ya shaba isiyofika nusu milimita. Chembe imetoka kwenye bomba fupi la mtungi, lililokatwa na kufungwa bila kupulizwa. Kila regulata ilipojaribu kufunga, mpira ulikalia hiyo chembe, na gesi ikapita pembeni. Huhitaji ufa mkubwa kwa presha ya bari kadhaa. Kukaza springi kuliongeza ubaya: springi kali inamaanisha kiti kinafungwa tu pale presha ya chini inapokuwa kubwa, na majiko ndiyo yanayoibeba.

Jumapili, hesabu na manunuzi

Njia mbili za kuponya bomba. Ya kwanza ni kuling'oa na kuweka nene zaidi mita zote 25. Shaba ya inchi moja kwa urefu huo ni bei ya kumfanya mhasibu wa shule apate homa. Ya pili ni kugawa kazi kwa regulata mbili, na ndiyo niliyoichagua.

Hatua ya kwanza inakaa kwenye mitungi na kushusha presha mpaka bari 0.7. Gesi inasafiri ikiwa na presha hiyo. Hatua ya pili inakaa kwenye ukuta wa nje wa jiko na kushusha kutoka 0.7 mpaka milibari 30, mita mbili tu kabla ya majiko.

Faida yake iko hivi. Kwenye bari 0.7 gesi ileile imebanwa, inachukua nafasi ndogo, inapita polepole, na hasara ya bomba inashuka kutoka milibari 13 hadi kama 7. Zaidi ya hapo, saba zinakatwa kutoka 700 badala ya kutoka 30, na regulata ya pili haizisikii kabisa. Inapokea 700 au 693, inatoa 30 ileile. Tena inalindwa na mabadiliko ya mtungi. Kwenye regulata ya wenzo kama hizi presha ya mtungi inaongeza nguvu yake kidogo kwenye hesabu, kwa hiyo mchana wa joto na alfajiri ya baridi hazitoi presha sawa. Hatua ya kwanza inalimeza hilo, ya pili inakuta mambo yametulia.

Kijana akauliza mbona isiwe bari moja na nusu, bomba likafurahi zaidi. Kwa sababu ya Julai. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa propani na butani, na butani ni mvivu wa kuchemka. Alfajiri za baridi hapa kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 13 hivi, na butani tupu kwa baridi hiyo haifikishi hata bari 0.8 juu ya hewa yetu. Ukilazimisha presha kubwa kwenye bomba refu la nje, mvuke uliojaa butani unaweza kurudi kuwa matone ndani ya bomba, na matone hayo yakifika regulata ya pili tuna habari nyingine. Kwenye 0.7 nalala usingizi.

Regulata ya hatua ya kwanza nimeipata mjini. Ya pili nimeagiza Kariakoo ikaja na basi. Muuza duka mmoja alinishauri nichukue ile nyekundu yenye kishikio cha kuzungusha, "inafika bari mbili, fundi, hutajuta." Hiyo ina kazi yake kwenye majiko ya kuvuma ya presha kubwa. Kuifunga kwenye majiko ya milibari 30 ni kumpa kila mpita njia uwezo wa kufanya alichofanya fundi aliyenitangulia, tena bila bisibisi.

Jumanne, kufunga

Mitungi imekuwa minne ikitoa pamoja; sababu nitaieleza chini. Kila bomba fupi limepulizwa kabla ya kufungwa, na nimeweka kichujio mbele ya regulata ya kwanza ili chembe za shaba zikwame huko. Regulata zote mbili zimekaa matundu ya pumzi yakitazama chini, na kila tundu lina wavu wa shaba wa kuzuia nyigu. Ya pili ipo nje ya ukuta kwa makusudi: ina mlango wa usalama wa ndani, presha ikizidi mno gesi inatolewa kupitia hilohilo tundu la pumzi, na sitaki itolewe jikoni penye moto. Kutoka hapo hadi kwenye majiko ni bomba nene la robo tatu inchi.

Kabla ya gesi, hewa. Nimejaza bomba kubwa kwa kompresa mpaka bari moja alasiri, kipimajoto kikiwa 31, nikafunga koki, nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuna kilichotoa mapovu. Tukaiacha mpaka asubuhi.

Alfajiri mlinzi wa shule kanipigia simu kwa hofu: geji imeshuka, inasoma 0.92, bomba linavuja. Nikamwambia asubiri jua. Hewa iliyofungwa ikipoa inapungua presha. Kutoka nyuzi 31 hadi 18 ni tofauti ya nyuzi 13, na hesabu inatoa kushuka kwa bari 0.08, ambayo ndiyo ileile aliyoisoma. Kufika saa sita mchana geji ilikuwa imerudi karibu na moja bila kuongezwa chochote. Dodoma mchana na usiku vinaachana sana, kwa hiyo anayepima uvujaji usiku kucha lazima aandike na joto pembeni ya presha. Vinginevyo atafukua bomba zima akitafuta tundu ambalo halipo.

Ijumaa, moto

"Mbukwenyi," mama mpishi katupokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatuonyesha sufuria zilizokwisha kujazwa. Hakutaka porojo.

Hatua ya kwanza 0.7. Jiko moja, milibari 30. Mawili, matatu, manne: 28 penye regulata ya pili, 27 kwenye jiko la mwisho. Moto wa bluu mfupi, umekaa kwenye matundu yake, sawa kwenye vichwa vyote vinne. Tukazima: 33, ikatulia, tukaiacha saa nzima na maji hayakusogea.

Kuhusu mitungi minne. Majiko manne yakiwaka kikamilifu yanakula kama kilo 3 za gesi kwa saa. Kila kilo inayogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi inahitaji kilojuli 350 hivi za joto, na joto hilo linachukuliwa kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Kwa kilo 3 ni kama wati 300 mfululizo. Mitungi miwili ilikuwa inapoa kuliko ilivyoweza kupashwa, ikatoa jasho, halafu ukungu mweupe wa barafu ukapanda mpaka pale kimiminika kilipoishia, na presha ikashuka. Wapishi wakaona barafu wakasema gesi imeisha. Haikuwa imeisha. Ndani ya mtungi presha inategemea joto na mchanganyiko, haitegemei kiasi kilichobaki, ilimradi kuna kimiminika chini. Kugawa kazi kwa mitungi minne kunaupa kila mtungi robo ya baridi.

Mama mpishi akasimulia, bila kuona tatizo, kwamba mtungi ukiganda walikuwa wanaulaza chini "gesi itoke yote". Hili nimelieleza mbele ya jiko zima na nikamwomba makamu mkuu awepo. Mtungi uliolala unapeleka kimiminika kwenye regulata badala ya gesi. Lita moja ya kimiminika inakuwa lita 250 hivi za gesi. Regulata imetengenezwa kupima gesi. Ikipitisha kimiminika, kinachochemka upande wa pili hakuna kiwambo kitakachokizuia, na jikoni unatoka moto mrefu kuliko mtu. Mitungi sasa imefungwa mnyororo ukutani, imesimama.

Lalamiko jipya likaja saa ile ile. "Fundi, moto ni mzuri. Lakini nilipokuwa Tanga maharage haya haya yalikuwa yanawahi."

Yuko sahihi, ila si kosa la regulata. Hewa yetu ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na maharage yanahesabu hizo nyuzi nne. Hata moto wenyewe umepungua kidogo: presha ni 30 ileile, lakini gesi inayotoka kwenye nozeli, kile kitundu cha jiko, ni nyepesi kuliko ingekuwa pwani, kwa hiyo joto linapungua kama asilimia 6. Kijana wangu akashika bisibisi. Nikamwambia airudishe mfukoni. Ukikaza springi ufidie asilimia hizo moto unaongezeka, lakini maji hayatapita nyuzi 96. Tumekubaliana na mama mpishi maharage yalowekwe usiku na sufuria zifunikwe, na mfuniko wa sufuria ya lita 100 sasa upo kwenye orodha ya manunuzi ya shule.

Jumatatu, makabidhiano

Nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kibanda: 0.7 hatua ya kwanza. 30 hatua ya pili jiko moja likiwaka. 33 yakizimwa, isipande. Mlinzi amefundishwa kusoma mpira wa maji, na amepewa ule ubao. Kama namba ya tatu itapanda na kuendelea kupanda, afunge mitungi kwanza, anipigie baadaye. Wavu wa matundu ya pumzi ukaguliwe kila mwezi, zaidi sasa kabla ya mvua, nyigu wanajenga.

Skrubu za springi zote mbili nimezifunika na kuzifunga kwa waya wenye muhuri wa risasi. Makamu mkuu ameuliza tena kama kweli haifunguki zaidi kidogo, safari hii akicheka.

Nitarudi Julai, alfajiri, kabla jiko halijawashwa, kusoma geji ya hatua ya kwanza. Ikiwa chini ya 0.7 na mitungi bado ina uzito, mchanganyiko waliouziwa una butani nyingi kuliko baridi yetu inavyotaka, na nitashusha hatua ya kwanza hadi 0.5. Bomba litamudu, hesabu yake nimeiandika nyuma ya karatasi ileile.